Risasi Mwendo wa Ng'ombe

Alhamisi saa tatu asubuhi Oneta Spurlock alikwenda ofisi ya karani wa kaunti kwa mambo mawili: kulipia kibandiko cha gari lake na kuazima bastola za zamani. Karani alimpa kibandiko kwanza. Kisha akafungua kabati lililo chini ya ngazi, akasogeza taa za Krismasi na bendera iliyochanika, akatoa sanduku la mbao.

"Zote mbili?" aliuliza.

"Zote mbili."

"Uzirudishe zimefutwa, Mama Lonnie. Waliozichukua mara ya mwisho walizirudisha na matope."

Waliozichukua mara ya mwisho walikuwa babu wa babu zao. Oneta alitia sahihi daftarini chini ya majina yao, akabeba sanduku kwapani.

Lonnie alikuwa mwanawe wa pekee. Mwaka uliotangulia, mwezi wa Machi, alikwenda kuutengeneza ua wa waya uliotenganisha malisho yao na ya Royce Kilburn, akapigwa risasi ya mgongo. Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Royce aliiambia mahakama kwamba alimwona kijana ameshika kitu, akahofia maisha yake. Sheria ya Kentucky haimtaki mtu mwenye hofu arudi nyuma hata hatua moja, na Royce alilisema hilo mara tatu, huku akigonga meza: hata hatua moja. Kitu chenyewe kilikuwa ndoo ya misumari. Oneta aliijua, kwa sababu ililetwa nyumbani pamoja na kofia. Mahakama haikuiulizia, ikamwachia huru. Sasa Royce alikuwa anagombea ukuu wa polisi wa kaunti, na mabango yake yalisimama mpaka mbele ya kanisa.

Oneta alikuwa mpishi wa shule, na maneno kwake yalikuwa kama mayai, hakuyatoa ovyo. Barua ya kumwalika Royce kwenye pambano la bastola aliiandika mwenyewe, nyuma ya karatasi ya orodha ya vyakula vya wiki. Jumamosi aliipeleka kwenye kiwanja cha shabaha cha Royce. Royce alikuwa anawafundisha watu kumi na mmoja, kila mmoja na bastola yake kiunoni.

Royce aliisoma, akacheka. "Mama Lonnie, wewe kazi yako mwiko. Hii siyo kazi ya mwiko."

"Basi wepesi ni wako."

"Nitakuua, mama wee."

"Utaanza kunielekea usoni, walau."

Mwanafunzi mmoja aitwaye Dewey akakohoa. "Mwalimu, hapo umebanwa."

Royce aliwatazama wale watu kumi na mmoja, ambao kila mmoja alikuwa na kura, na nyumbani kwake kulikuwa na kura nyingine. Akasema Jumamosi ijayo, konde la Pruitt, saa mbili asubuhi.

Kuna neno moja ambalo mtu yeyote anayeshika ofisi Kentucky hulitamka siku ya kuapishwa: kwamba hajapigana pambano la silaha za kuua na raia mwenzake, hajapeleka mwaliko wala kuupokea, wala hajamsindikiza aliyekwenda kupigana. Watu hucheka likifika hapo. Wameshalicheka miaka mingi hata wamesahau kwamba ni kiapo, na Royce alikuwa mmoja wa waliosahau.

Kwa sababu ya neno hilo, kumpata mtu wa kusimamia haikuwa rahisi. Watu sita walimwambia Oneta kwamba huenda siku moja wangetaka udiwani. Wa saba alikuwa shemeji yake, Hobart, dereva wa basi la shule.

"Mimi, shemeji," alisema Hobart, "hata kanisani hawanipi sahani ya sadaka niizungushe. Twende."

Wiki nzima Royce alijifua kwa bastola moja ya yale maumbo ya kale, inayoshindiliwa baruti mdomoni na kutoa risasi moja tu. Ya kwake ilibeba kumi na saba, lakini alizoea haraka. Kufikia Ijumaa alikuwa anatoboa karata tisa kati ya kumi. Wanafunzi wake walikubaliana kwamba watu wa kale walikuwa wapigaji hafifu, na kwamba yeyote kati yao angewamaliza kabla ya kifungua kinywa. Hakuna aliyekwenda kufanya mazoezi kondeni. Walisema konde la Pruitt halina la kumfundisha mtu kuhusu kulenga shabaha, na katika hilo walisema kweli.

Konde la Pruitt liko bondeni kando ya mto, na risasi pale huenda mwendo wa ng'ombe anayerudi zizini. Imekuwa hivyo tangu mapambano ya zamani. Wengine husema hewa ya pale ilitobolewa mno ikachoka. Wawindaji hawaendi huko, maana paa huitazama risasi inavyokuja, humalizia kutafuna, kisha husogea.

Jumamosi palikuwa na umande wa barafu kwenye nyasi. Watu kama arobaini walikuja na viti vya kukunja, kahawa na mikate ya soseji. Hobart alipima hatua ishirini, akaweka jiwe kila upande.

"Jiwe ni alama yako," alitangaza. "Ukiiacha kabla mambo hayajaisha, umeshindwa, na risasi yako inaanguka. Ya aliyesimama haianguki mpaka mwenyewe aseme ameridhika. Tumeelewana, Royce?"

"Soma haraka, dereva, nina mkutano saa nne."

"Mkono mmoja. Simama ubavu. Nyoosha magoti yako, hapa hatuchimbi viazi."

Maana Royce alikuwa amekwisha kuinama na kuishika bastola kwa mikono miwili, kama alivyofundisha miaka ishirini: songa, jifiche, piga. Alijinyoosha. Oneta alisimama kwenye jiwe lake akiwa amevaa koti la kanisani. Alikuwa hajawahi kupiga bastola. Alinyoosha mkono kama anayeonyesha duka lilipo.

Hobart aliangusha kitambaa. Bastola zikalia pamoja, kunguru wakaruka, kisha pakatulia, na risasi mbili zikaonekana zikielea juu ya nyasi.

Ya Royce ilikuwa imelengwa vizuri sana. Kila mtu aliona kwamba ingefika kwenye kifungo cha pili cha koti. Ya Oneta ilianza pembeni kidogo, ikajirekebisha. Zikapishana katikati kama watu wa mtaa mmoja wanaojuana.

Oneta aliitazama ikija. Ilikuwa ya kijivu, kubwa kama harage, inazunguka polepole. Miguu yake ilitaka kuondoka, naye akaiambia ingoje. Aliwaza kwamba Lonnie hakuiona ya kwake, kwamba mtu akipigwa mgongoni hata hiyo nafasi ya kuitazama ananyimwa, na yeye sasa anayo, kwa hiyo ataitazama. Akainua kidevu. Baridi ilimtoa machozi jicho moja, akaliacha litoke.

Royce alisimama imara risasi ya Oneta ikipita hatua ya kwanza, ya tano, ya kumi na mbili. Ilipobaki kama urefu wa meza, mwili wake ulifanya ulichozoea. Magoti yakakunjika, mkono ukatafuta kiuno, na yeye mzima akaenda nyuma ya gari la Dewey.

Hakuna aliyecheka.

"Hata mimi ningefanya hivyo," mtu mmoja alisema taratibu.

"Nyamaza, kunywa kahawa yako," akasema Dewey.

Risasi ya Royce ilikuwa imebakiza upana wa kiganja kufika kwenye koti la Oneta. Ikaanguka juu ya kiatu chake, yenye uvuguvugu. Ya Oneta ilifika kwenye jiwe tupu, ikasita kidogo, ikazunguka gari.

"Shemeji," Hobart akauliza, kama desturi inavyotaka, "umeridhika?"

"Aseme mikononi mwa Lonnie mlikuwa na nini."

Royce alikuwa amehamia upande wa pili wa gari. "Nilihofia maisha yangu," alisema, kwa sauti ileile ya mahakamani.

"Bado," alisema Oneta.

Wakakunja viti.

Mwezi wa Novemba Royce alishinda kwa kura mia mbili na kumi na mbili. Palikuwa na swali dogo la kiapo, lakini wakili wake alilimaliza kwa barua iliyobandikwa mlangoni mwa mahakama: mtu aliyekimbia hawezi kuhesabiwa kuwa alipokea mwaliko wala kuwa alipigana. Royce alitia sahihi kwamba alikimbia. Oneta alipita pale siku tatu mfululizo akitoka kazini, akasimama, akaisoma barua yote, hata jina la mpiga chapa.

Siku ya kuapishwa ukumbi ulijaa. Lilipofika neno la pambano, kwa mara ya kwanza watu hawakucheka. Askari wa mlangoni aliifungulia risasi ya Oneta, iliyokuwa bado inamfuata Royce, kama alivyowafungulia waliochelewa, nayo ikapita katikati ya viti. Royce akamaliza kuapa akiwa anatembea, mkono juu, jaji akimfuata na kitabu.

Kaunti ilizoea. Walisema haijapata kuwa na mkuu wa polisi asiyekaa ofisini kama huyu. Alilala kwenye gari, mkewe akiendesha. Wazee walikumbushana juu ya kanali wa zamani aliyetembea hivyo mpaka Missouri na kuoa huko. Faili la Lonnie lilibaki limefungwa, na mwenye ufunguo wa kabati lake sasa alikuwa Royce.

Aprili, wakati wa chakula cha mchana, Royce aliingia jikoni shuleni. Macho yalikuwa mekundu. Watoto walikuwa kwenye foleni na sahani zao.

"Mama Lonnie. Sema umeridhika. Lile daraja jipya nitaliita jina lake."

"Ndoo ya misumari," alisema Oneta. "Maneno matatu. Yaseme hapa, hawa watoto wasikie."

Royce alitazama dirishani. Risasi ilikuwa imevuka maegesho ya magari. Alifungua kinywa. Oneta alishusha upawa, akangoja, na mpishi mwenzake akazima feni ili wasikie vizuri.

"Nilihofia," alisema Royce.

Akatoka kwa mlango wa nyuma. Watoto walisogea ukutani kuipisha risasi, mmoja akamvuta mdogo wake kwa kola. Oneta aliinua sinia la viazi vya kuponda, ikapita chini yake bila kugusa kitu, akaliweka sinia mahali pake.

"Nani alikuwa anafuata?" akauliza, mgongo wima, akachota.