Usukani Mwepesi wa Baba

Kama kuna gari lililowahi kunipandisha mori bila hata kuwa langu, ni hili la baba. Mimi ni fundi wa stelingi na springi. Watu wananiletea magari yanayovuta upande, yanayogonga chini, yanayolia kila yakipita kwenye shimo, nami nayarudisha yakiwa na adabu. La baba liliingia gerejini kwangu Jumatatu likiwa limekwangua geti la jirani yake, na nyuma yake ikaja familia nzima kwa simu, kila mmoja na maelezo yake, na katika wote hao hakuna hata mmoja aliyekuwa amegusa kitu.

Dada mkubwa ndiye aliyetangulia. Dada hapigi simu kuuliza, anapiga kutangaza.

"Nisikilize vizuri. Leo geti, kesho mtu. Usipolitengeneza hilo gari likatengenezeka, ufunguo nauchukua mimi, utakaa kabatini kwangu. Baba nimeshamwambia."

"Akasemaje?"

"Kanyamaza."

Hapo ndipo nilipopata wasiwasi. Baba kaendesha magari ya watu maisha yake yote, malori, mabasi, magari ya wakubwa, na hili ndilo la kwanza kuwa lake. Alilinunua baada ya kustaafu. Nyumba yao iko juu kabisa, mwisho wa njia ya mawe ambayo hata pikipiki zinaigomea, na bila gari wazee wangu ni wafungwa wa baraza lao wenyewe. Kumnyang'anya baba ule ufunguo ni kumwambia akae chini asubiri siku yake. Mimi nilikuwa nalijua hilo, dada analijua, na bado kazi ya kuamua ikatupwa kwangu kana kwamba nimeiomba.

Nikalitoa barabarani kulijaribu. Mungu wangu! Usukani ulikuwa mwepesi hata ukipiga chafya umehama njia. Kidole kimoja kinatosha kuuzungusha wote. Kwenye lami iliyonyooka, mwendo wa kawaida tu, nilikuwa nasahihisha kushoto, nasahihisha kulia, nikajiona mlevi mchana kweupe. Na ukishakata kona haurudi wenyewe, unabaki palepale ulipouacha, kama mgeni asiyejua saa ya kuaga. Nilirudi gerejini jasho linanitoka, nikampigia mdogo wangu.

Mdogo wangu anauza matairi, lakini nyumbani tunamwita Injinia kwa sababu ya video anazotazama. Ni yeye aliyeliinua gari la baba ili lisikwaruze tumbo kwenye ile njia ya mawe. Nia nzuri, simkatalii. Alikuja anapiga mluzi, akaniona uso, mluzi ukafa.

"Uliliinua kiasi gani?"

"Kidogo tu, dada."

"Kidogo? Mama anapanda kwa kigoda!"

"Basi kidogo zaidi ya kidogo."

Nikamwonyesha. Ukiinua gari namna ile, ekseli ya mbele inajizungusha kidogo, na magurudumu yanapoteza ule mwegamo wa kurudi nyuma. Mwegamo huo ndio unaoufanya usukani urudi katikati wenyewe na gari lishike njia bila kubembelezwa. Ukiondoka, gari linaanza kutangatanga.

"Kwenye video hawakusema," akasema.

"Mtu wa kwenye video hana baba yangu ndani ya gari lake."

Kisha nikafungua boneti, na hasira niliyokuwa nimeianza nikaona ilikuwa ya mazoezi. Pampu ya usukani haikuwa ya gari lile. Ilikuwa pampu ya lori, inasukuma mafuta mengi kuliko boksi ya stelingi inavyohitaji, imefungwa kwa bano la kuchomelea ambalo hata mtoto angelionea aibu.

"Na hili dubwana?"

Injinia akaanza kukagua dari la gereji. "Matairi makubwa yaliufanya usukani uwe mzito. Baba akaniomba niulainishe."

"Kwa pampu ya lori?"

"Kwanza niliweka nyingine, ya kawaida. Akasema bado mzito. Nikaweka hii. Akasema hapo sawa, Mungu akubariki."

"Baba? Baba aliyeendesha malori yasiyo na pampu kabisa ndiye alalamikie uzito wa usukani? Usinifanye mjinga."

"Muulize mwenyewe."

Sikumuuliza. Nilimpa Injinia maneno yake yote, na mengine ya akiba, mpaka akakumbuka ana wateja dukani. Nikabaki peke yangu na lile gari, nikaingia ndani kutoa mikeka. Kirungu cha gia kikanitelezea mkononi. Nilinusa: mafuta ya mama ya mikono, yale yenye harufu ya waridi, yamepakwa mpaka kwenye usukani, upande wa kushoto. Nikavuta tambara nikaanza kufuta huku nasema peke yangu. Mama naye! Gari hili analichukia, anasema linamtikisa figo, tangu liinuliwe kila akishuka anashika kiuno na kumlaani Injinia. Lakini miezi hii baba hawezi kwenda hata kununua kiberiti bila yeye kupanda pembeni na kushikashika kila kitu. Familia gani hii.

Wiki nzima ikaliwa na kazi hiyo. Niliagiza bushi zenye tundu la pembeni, za kuirudishia ekseli mwegamo wake, zikaja za gari jingine. Nikazirudisha, zikaja zenyewe, lakini bolti za zamani zilikuwa zimeshikana na kutu, nikazikata kwa msumeno nikiwa nimelala chali na vumbi la chuma machoni. Pampu ya awali niliikuta dukani kwa Injinia, imefanywa kizuizi cha mlango. Nikaiosha, nikabadilisha sili zake za mpira, nikaifunga. Kila aliyepita gerejini aliuliza gari la nani hilo, na kila mara nikajibu la mteja msumbufu.

Lakini lilipotoka, lilitoka gari. Nililipeleka mbio kwenye lami nikaachia usukani kidogo, likanyooka lenyewe. Nikakata kona, usukani ukarudi nyumbani bila kuitwa. Ulikuwa na uzito kidogo, ule uzito wa kukufanya ujue umeshika kitu, hasa gari likiwa limesimama. Hilo halikunisumbua hata kidogo. Baba ndiye aliyenifundisha kuendesha, na somo lake la kwanza lilikuwa hilohilo: usikate usukani gari limesimama, liache lijongee kwanza.

Jumamosi nikawapelekea. Nilipanda ile njia ya mawe nikiwa na furaha ya kijinga. Dada alinipigia nikiwa ndio kwanza nazima injini uwanjani.

"Limepona?"

"Limepona. Usikate simu, umsikie mwenyewe akitoka nalo."

Baba alikuwa barazani, shati limepigwa pasi. Akapokea ufunguo kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulikuwa mfukoni. Mama alikuwa ameshabeba kigoda chake.

"Mama, wewe baki. Leo mwache baba alijaribu peke yake."

"Nakwenda."

"Si unalichukia?"

"Nimesema nakwenda. Kafungue geti."

Nikaenda kufungua, simu mkononi, nikinung'unika. Geti lao liko pembeni, kutoka uwanjani lazima ukate kona kali kushoto. Nikageuka kuwatazama wakija.

Baba alikanyaga klachi, akashusha kichwa mara moja, kama ishara. Mkono wa mama ukaenda kwenye gia, ukaitia namba moja. Hakuangalia chini. Hawakuangaliana. Gari likaja polepole, wakaifikia kona, baba akavuta usukani kwa mkono wake mmoja, na mama akainama, akaushika upande wake, wakavuta wote wawili. Usukani haukuwa mwepesi tena. Ulifika nusu ukakataa. Bampa likasimama mbele ya ukuta, pua kwa pua, injini ikazima.

Nilisimama pale kama nguzo ya geti. Kisha nikaenda dirishani kwa baba.

"Tangu lini?"

Mama akajifanya anatafuta mkanda wa kiti.

"Nimeuliza, tangu lini!"

"Bega lilianza kukaza kabla ya mvua," alisema baba, macho yake kwenye kioo cha mbele. "Daktari alisema mkono utarudi. Siku hizi anasema hautarudi wote."

"Na hamkumwambia mtu?"

"Tungemwambia nani?" mama akadakia. "Dada yako?"

Niliwapigia kelele ambazo sijawahi kumpigia mzazi, na hata sasa sizijutii. Niliwaambia wangeua mtu. Niliwaambia usukani ule ulikuwa wa kuguswa na kidole, na wao waliuvuta watu wawili, mmoja haoni mguu wa mwenzake unafanya nini. Ndiyo maana ya geti la jirani. Wiki nzima nimemtukana Injinia na kufuta mafuta ya waridi, jibu likiwa kwenye tambara langu.

"La geti ni yeye," alisema baba. "Alivuta kupita kiasi."

"Mimi? Wewe ndiye uliyechelewa kuniashiria!"

"Nilikuashiria."

"Uliashiria tumeshagonga!"

Wakaendelea hivyo, wanagombana kama makondakta, na mimi hasira zikaniishia pale. Maana nilikuwa nimewatengenezea gari vizuri kabisa, na kwa kulitengeneza nilikuwa nimemnyang'anya baba ufunguo. Dada hakuwa amefanya chochote. Ni mimi, kwa spana zangu.

Simu ikaongea mkononi. "Halo? Mbona siwasikii? Anaendesha?"

Baba akaisikia sauti ile. Akachomoa ufunguo, akaunyoosha dirishani kwangu.

"Mwambie," akasema. "Mwambie aje auchukue."

Sikuweza kuupokea.

"Asimwambie kitu," alisema mama. Akatelemka bila kigoda, akashika kiuno, akamlaani Injinia kama kawaida yake, akazunguka mbele ya gari mpaka mlango wa dereva. Akaufungua.

"Sogea."

"Niende wapi?" baba akauliza.

"Kule kwangu. Gia zote nazijua. Kona zote za njia hii nazijua. Nisiyoijua ni hiyo miguu yako tu. Sogea."

Baba alishuka, akaenda upande wa pili, akapanda kwa kigoda cha mkewe, mkono wa kushoto umemlalia mapajani. Ndiyo mara ya kwanza maishani mwangu kumwona amekaa upande ule.

"Halo!" Dada akapiga kelele. "Nani anaendesha?"

"Subiri," nikamwambia, nikaitia simu mfukoni. Nikakivuta kiti cha dereva mbele mpaka miguu ya mama ikafika. "Leo hapahapa uwanjani, mama. Barabarani ni mpaka uwe na leseni. Ukinidanganya tena, ufunguo nauchukua mimi."

"Nimekusikia. Ondoka mbele ya gari."

Baba akajisafisha koo. Sauti iliyotoka ilikuwa ileile iliyonifundisha mimi. "Klachi, yote, mpaka chini. Weka rivasi. Na usikate usukani gari limesimama, liache lijongee kwanza."

Gari likaguna, likaruka, likatulia, likaanza kurudi nyuma polepole. Mama akaushika usukani kwa mikono miwili na kuukata, pamoja na uzito wake wote. Mkono mzima wa baba ukanyanyuka kwa mazoea, ukaenda kumsaidia. Mama akaupiga kofi.

"Toa. Nikikuhitaji nitakuashiria."