Kodi ya Mtoto wa Ndugu

"Watoto wangu ni wawili," Papa Rigobert alimwambia mwanasheria wa mirathi. "Darlène na huyu Josias. Kila mumoja sehemu sawa."

Papa alikuwa amerithi mali ya marehemu mkewe, Fernande. Alitaka kutugawia sehemu angali hai, ili kodi isiwe nzito. Ndiyo sababu tulikuwa ofisini kwa mwanasheria huyo, Bi Ann-Sophie, mtaa wa Uccle, huku ughaibuni, nami sikuweza kutulia kitini. Fungu langu nilitaka kulifungulia karakana ya baiskeli mtaa wa Saint-Josse, na mwenye chumba cha kukodi alitaka jibu kabla ya Ijumaa.

Ann-Sophie alisimamisha kidole kwenye cheti changu cha kuzaliwa. "Josias ni mtoto wa ndugu yako."

"Ndugu yangu alikufa Butembo, mutoto ana miaka mitatu. Tangu siku ile ni wangu. Kwetu ni hivyo, basi."

"Kwa sheria ya hapa sivyo. Darlène atalipa kodi ndogo, Josias kubwa mno. Umwasili kwanza mahakamani, awe mwanao kisheria, ndipo atozwe kama mtoto."

Damu ilinipanda. "Niasiliwe nina miaka ishirini na sita? Huyu amenilea, amenichapa, leo hakimu ndiye aseme kama ni baba yangu?"

"Kaa chini, weye," Darlène alisema. "Kiburi chako kingetozwa kodi, serikali ingetajirika."

Nilitoka. Papa alinikuta kituo cha tramu, anahema.

"Mpe Darlène mali yote," nikamwambia.

"Bon, sikiliza. Nilipokuleta hapa ningeweza kukuasili. Nilikataa. Ndugu yangu hakuacha kitu kingine, ni wewe na jina lake. Niliogopa kumunyang'anya."

Tramu ilikuja ikaondoka. Nilimwona Papa amezeeka, koti limefungwa vifungo ovyo. Miaka yote nilidhani hakuona haja ya kuniasili.

Tulirudi ofisini. "Nikiasiliwa, naweza kubaki na jina la marehemu baba?" nikauliza, bado nimesimama.

"Utamwomba hakimu. Kwa mtu mzima hukubaliwa. Lakini ni miezi, Bwana Josias, si siku."

Miezi! Nilimpigia mwenye chumba palepale, nikamwambia chumba ampe mtu mwingine. Akakata simu bila kuaga. Kisha nikavuta kiti, nikaomba kalamu nitie saini ombi la kuasiliwa, mguu ukinichezacheza chini ya meza, huku Papa akimuuliza Ann-Sophie kama mbele ya hakimu ni lazima avae tai.