Namba Tano Inagonga

Kwanza mjue hii pikapu yangu. Ni Datsun ya zamani, ile ndogo ya kubeba kabeji, lakini ndani iko na injini ya Range Rover, silinda nane. Watu huuliza ati iliingiaje hapo. Iliingia na nyundo, bana! Hiyo injini tuliitoa kwa gari iliyokufa kwenye shamba moja upande wa Kwanza, nje ya Kitale, kuku walikuwa wameshataga ndani, na ikatuchukua miaka miwili, mimi na Fundi Ubaid, kuifanya iwe kitu ya mashindano ya mita mia nne. Kitale mzima hakuna nyingine. Ikikufa, mimi Nasike nimerudi kubeba kabeji, hivyo tu.

Na Jumapili hii nayosema ilikuwa fainali. Yangu ya kwanza.

Fundi Ubaid ana gereji yake Kanduyi, pale Bungoma, na ana mtindo wake. Ndani ya injini kuna vyuma vinaitwa tapeti, kila moja kama kidole gumba. Yetu iko na kigurudumu chini. Kamshafti, ile fimbo yenye vinundu, ikizunguka, kigurudumu kinapanda na kushuka juu yake, tapeti inasukuma, valvu inafunguka. Ziko kumi na sita. Na kila moja lazima iachiwe nafasi ndogo sana, kama unene wa kucha. Kila baada ya mbio Ubaid anapima hizo nafasi zote na vile vyuma vyake vyembamba, halafu anaandika namba kwa chaki juu ya kifuniko cha injini. Ya zamani hafuti. Anaandika kando yake. Kifuniko changu kinakaa kama ubao wa darasa la pili.

"Nafasi haiongezeki bure," aliniambia siku ya kwanza. "Ikiongezeka, kuna kitu kinaisha huko chini. Usikaze ile nati ya kuipunguza. Uniite."

Mimi nilikaza.

Wacha niseme tu. Hapa Matisi, mtaani kwetu Kitale, kila jioni nilikuwa nawasha Datsun nje ya ploti, nashusha mzunguko mpaka injini inanguruma pole pole kabisa, dugu… dugu-dugu… kama inataka kuzima na haizimi. Hiyo sauti ni tamu, watu wanaipenda vibaya! Nusu saa nzima nazunguka na simu, narekodi bonati inavyotetemeka. Video moja iliangaliwa na watu elfu nane. Sasa, mwezi mmoja kabla ya fainali, nikaanza kusikia ti-ti-ti. Nikapima mwenyewe. Zote zilisoma kumi na sita kwa kile kipimo, ndio nafasi sawa, isipokuwa tapeti namba tano: ishirini na mbili. Nikaingia kwa simu, nikaona jamaa mmoja anakaza nati na sauti inaisha. Nikakaza. Ikaisha. Baada ya wiki tatu ikarudi, nikakaza tena.

Ubaid sikumwambia. Nilijua atasema hakuna fainali.

Jumamosi nikampelekea Datsun Kanduyi. Akapima zote. Akafika namba tano, akaandika kumi na sita, akarudi nyuma kidogo aangalie ile laini ya chaki.

"Unaona hii?" akasema. "Tangu Juni haijasonga. Hiyo ndio chuma."

Nilijifanya natafuta charger.

Basi, Jumapili. Mashindano yalikuwa kwenye kiwanja cha zamani cha ndege nje ya Kitale, jua si kali, upepo kidogo, watu wanakula mahindi ya kuchoma. Nusu fainali nilishinda kwa urefu wa gari moja. Moja nzima! Lakini nikirudi pole pole na dirisha wazi, nikaisikia. Ti-ti-ti. Safari hii hata haikujificha.

Ubaid akafungua kifuniko, akaacha injini ipoe, akapima. Namba tano: ishirini na nane.

Akapima tena. Akashika chaki, hakuandika. Akatoa miwani, akaipangusa na kanzu, akairudisha.

"Jana nilisema kumi na sita," akasema pole pole.

"Ee."

"Haiwezi kuruka hivyo kwa siku moja. Ni mimi." Akainua kidole kufuta ile kumi na sita ya jana. "Macho yangu. Nilipima vibaya, Nasike. Nimekuleta hadi fainali na namba ya uongo. Unisamehe, mama."

Yaani mtu amekaa miaka arobaini kwa injini ananiomba mimi msamaha. Nilishika mkono wake kabla kidole hakijagusa chaki.

"Fundi, usifute. Ulipima sawa. Ni mimi nilikaza."

"Ulikaza lini?"

"Mara mbili. Hii ya pili ni wiki iliyopita."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikaa juu ya tairi la spea, akanyoosha mkono.

"Leta simu."

"Ya nini?"

"Si unarekodi kila siku? Leta."

Nikaweka video kwa mpangilio, kutoka ya kwanza. Akashika simu kwa sikio kama mtu anaongea na bibi yake, macho amefunga. Ya tarehe mbili, akatikisa kichwa. Ya tarehe sita, hakuna. Ya tarehe tisa akairudia.

"Hapa imeanza," akasema. Mimi hata sikuisikia! Akaandika tarehe tisa kwa chaki. "Na kwa nini iko chini hivi, hii mngurumo?"

"Ndio watu wanapenda."

"Watu wanapenda." Akacheka kidogo, bila raha. "Mafuta haifiki kwa kile kigurudumu yenyewe. Inarushwa huko na injini ikizunguka kwa nguvu. Wewe unaiacha inalala nusu saa. Injini iko na mafuta, kigurudumu kiko na kiu."

Ngari akatokea wakati huo. Ndio tulikuwa tukimbie fainali na yeye, ana Subaru ya buluu, na kwao ni shamba jirani na pale tulitoa injini, kwa hivyo hajawahi kunyamaza juu ya wale kuku.

"Nasike! Mnaangalia nini kwa bonati, kuku wamerudi?"

"Wametaga kwa yako pia," nikamjibu.

"Dakika ishirini, bana. Ama nikimbie na kivuli yangu?"

Akaenda akicheka. Ubaid akafungua filta ya mafuta, akaikata na mkasi wa bati, akatandaza ile karatasi ya ndani kwenye jua. Ilimetameta vumbi ya chuma, kama magamba ya samaki. Akapitisha sumaku. Kitu kimoja kikaruka kikashika: sindano fupi, imevunjika katikati.

"Kigurudumu kinazungukia hizi," akasema. "Kama ishirini hivi."

"Na zingine ziko wapi?"

"Zingine bado zinashikilia. Zingine ziko safarini."

Nikaangalia ile barabara. Nyeupe, imenyooka, na mwisho wake mtu ameshika bendera. Sekunde kumi na tatu tu.

"Inaweza kumaliza?" nikauliza.

"Inaweza. Ikivunjika katikati inakula kamshafti, inakula block, yaani mwili wenyewe wa injini, na hatuna block nyingine. Gari ni yako. Mimi leo siandiki namba."

Nilikaa na hiyo sindano kwa kiganja mpaka nikaona imeniachia alama. Halafu nikatembea mpaka kwa Ngari, nikamwambia sikimbii.

"Acha mchezo."

Nikamwonyesha. Akaishika na vidole viwili, akaigeuza kwenye jua, hakuna utani tena. Alikimbia peke yake, hata hakukanyaga sana, akachukua kikombe. Jioni akaja kwa Ubaid akijikuna shingo.

"Fundi, yangu nayo asubuhi huwa inalia hivi, trrr. Hiyo ni kawaida?"

"Panga foleni," Ubaid akasema.

Jumanne tuliifungua injini huko Kanduyi. Kigurudumu cha namba tano kilikuwa kimelika upande mmoja kama biskuti. Lakini kamshafti ilikuwa na mkwaruzo tu, wa kusugua na kuisha. Block ilikuwa nzima. Ubaid aliishika hiyo tapeti muda mrefu, akanipea, halafu akanipea chaki.

"Andika zile zako."

Nikaandika mbele yake, kwa mwandiko wangu mbaya: ishirini na mbili, imekazwa. Na ya pili chini yake. Imekazwa.

Siku hizi naacha injini ikizunguka juu, kigurudumu kipate mafuta. Haingurumi tena, inapiga kelele moja tu, ndefu. Video ya juzi imeangaliwa na watu arobaini na moja. Ngari ameandika chini yake: hii ni gari ama posho mill ya kusaga unga?

Nimeipandisha mzunguko kidogo tena.