Nyota Iliyozunguka Kiti Kitupu

Kazini walimwita Miwani, na kazi yake ilikuwa kukodoa macho. Katika kituo cha kupiga picha za nyota aliweka alama juu ya nyota moja, picha ya mwaka huu, ya mwaka jana, ya mwaka juzi, mpaka njia yake ionekane. Nyota ile ilizunguka kitu kisichokuwepo, kama watu wanaozunguka kiti kitupu. Ikikaribia pale katikati inakata kona mbio kama mtu aliyeona mbwa. Ikishafika mbali, inapunguza mwendo. Pale katikati, giza tupu.

"Shimo jeusi," bosi alisema. "Hata mwanga ukiingia hautoki. Usihangaike kulitafuta lenyewe. Watazame majirani zake."

Kaka yake Miwani alimcheka mpaka basi. Jana tu alipiga simu kutoka hospitali, alikopasuliwa kidole tumbo. "Mdogo wangu, unalipwa kutazama kitu kisichoonekana? Kazi hiyo naiweza hata nikiwa na dawa za usingizi. Kesho wananitoa. Mtu asikalie kiti changu."

Ndiyo maana leo mchana Miwani aliwahi nyumbani. Mkewe alikuwa jikoni. Mama mkwe alikuwa mezani, anachambua mchele uliokwisha kuchambuliwa.

"Nakula haraka nimfuate kaka," Miwani akasema. "Hospitali wamepiga?"

"Bomba la bafuni linavuja tena," mkewe akadakia, "na yule fundi ukimwita anakuja na maneno bila spana, na jirani naye mbuzi wake kaingia..." Maneno yalimtoka bila kumeza mate. Alipofika kwa mbuzi, akatulia.

Miwani akacheka. "Haya, mgonjwa wetu tutamlaza chumba kipi?"

"Kula kwanza, baba, kinapoa," mama mkwe akasema mbio mbio. "Chumvi nilimwambia asizidishe, na presha yako hiyo..." Akainuka na bakuli la mchuzi. Njia fupi ilipita kwenye kiti cha dirishani, kile cha kaka. Akakizungukia mbali, akakunja nguo yake isikiguse.

Kijiko cha Miwani kikakwama njiani.

Nyumba hii watu hawamalizi kikombe cha chai bila kumsema kaka kwa kukoroma au kwa kumaliza sukari. Tangu Miwani aingie, hakuna kati yao aliyemtaja.

"Mbona mnamzunguka kaka?"

Maji ya bomba yakasikika yanadondoka bafuni.

"Tulitaka ule kwanza," mkewe akasema. Sasa alisema polepole. "Wewe umetoka tu asubuhi, wakapiga. Alikuwa kitandani anavaa viatu, aje. Akalala chali, hakuinuka tena. Basi."

"Viatu gani?" Miwani akauliza, na mwenyewe hakujua kwa nini anauliza hilo.

"Vile vya kahawia. Alikuwa amevaa kimoja."

Miwani akakigeukia kile kiti. Akakitazama, akakitazama, kisha akavua miwani, akaiweka kando ya sahani.