Ganzi Aliyevaa Kanzu ya Nafuu

Siku ya nne tangu nivunjike mkono, nililala mchana baada ya usiku wa mahangaiko. Ami Shekue, ndugu wa marehemu baba na fundi wa kuunga mifupa, alikuwa amenifunga vibanzi vya mti na kitambaa mpaka nikakiona cha mtema kuni, akaapa kwamba kwake kitambaa hakifunguliwi kabla ya siku ya saba. Asubuhi hiyo maumivu yalikoma, vidole vikawa baridi. "Ndiyo unapona hivyo," aliniambia. Nilimwamini, kwani nilitamani iwe hivyo: mimi ni mshona kofia na sindano ndiyo riziki yangu.

Nikaota niko katika bonde jembamba lenye kuta zisizosogea, nikiongozwa na mwanamke mkavu wa maneno aitwaye Bi Hadhari. Njia ilizibwa na pande la mtu lililokuwa likihema. "Huyo ni Uvimbe," alisema. "Alikuja kumhudumia majeruhi. Mmembana humu, sasa anawalalia wenyeji." Nyuma yake alisimama Damu na wachukuzi wake wa maji; waliokwisha kuingia walishindwa kutoka, na wenye maji mapya wakakosa pa kupita. Chini kabisa alilala Neva, tarishi wa vidole vyangu, midomo imemkauka, na kando yake kijana wa kanzu nyeupe akimpepea kwa upole. Nikafurahi, nikidhani ni Nafuu. Bi Hadhari akamvua ile kanzu, na ndani yake alikuwa Ganzi.

Neva akafumbua macho. "Nilipiga kelele siku tatu, bwana wangu. Ukaniambia nivumilie. Niliponyamaza, ukashukuru."

"Ami ndiye aliyeniambia," nilijitetea.

"Kufunga, alifunga yeye," alisema Bi Hadhari. "Anayekufa kwa kiu ni wako, wala hataingoja siku ya saba."

Nilizinduka nimelowa jasho, nikijua kwamba kimya kile hakikuwa kupona. Ami alikuwa sebuleni akinywa kahawa. Nikamwekea vidole vyangu shavuni, nikamuuliza kama amewahi kuona mgonjwa mwenye vidole baridi namna hii.

Aliweka kikombe chini. "Mara moja," alisema.

"Akapona?"

Aliinuka, akaenda kumwaga kahawa yake uani. Niliumia kuliko siku niliyovunjika, maana huyu ndiye aliyenilea, naye alijua. Mke wangu, Mwanaharusi, aliyekuwa akitusikiliza mlangoni, akakikata kitambaa kwa kisu. Maumivu yalirudi kwenye vidole vitatu, nikalia kwa shukrani na hasira pamoja. Tulipofika hospitali, viwili vilikuwa bado havijasema kitu.