Maji Miguuni pa Halfan

Mwanaheri alipokanyaga zulia la garini asubuhi ile likabubujika maji, hakutukana. Angemtukana nani? Alijibwaga kwenye kiti, mikono kichwani. Safari ya Tanga ilikuwa waianze wakishaswali adhuhuri. Mama wa mumewe, Halfan, yuko hoi huko, na tangu juzi simu zote zinasema neno lile lile: kama mwanawe anakuja, aje sasa.

Na Halfan aende na nini, jamani? Tangu lori lake lipinduke naye, kuanzia kiunoni kushuka chini hajijui. Kwenye basi hawezi kukaa. Limebaki hili gari-nyumba alilolinunua kwa watalii waliokwama, enzi hizo bado mzima na mwenye maringo yake: kitanda, sinki, choo, tangi la maji, vyote humo ndani. Hapa Makambako walimcheka mpaka basi. Leo ndilo gari pekee la kumfikisha kwa mama yake amelala, na la kumwosha njiani kama binadamu. Bila maji, mgonjwa wa hivyo humtoi hata nje ya mji.

Fundi Amon alifika kutoka Njombe akipuliza viganja kwa baridi.

"Kamwene, mama. Bosi, umeamkaje?"

"Nitakuwa nimeamka vizuri ukinifikisha Tanga," Halfan alijibu kitandani, blanketi hadi kidevuni. "Leo sitaki porojo."

Amon alifunga mabomba yote, akawasha pampu, akatega sikio. Pampu iliunguruma, ikatulia. Mara ikaunguruma tena, na hakuna aliyegusa kitu.

"Umeisikia, mama? Kote kumefungwa, yenyewe bado inasukuma. Kuna mahali maji yanatoroka."

Akaanza kuyasaka. Chini ya sinki alipangusa kila kiungio kwa karatasi ya chooni: kavu. Akaenda chooni: kavu. Akalala kifudifudi na tochi, akamulika tangi: nalo kavu. Mwanaheri alisimama nyuma yake, roho juu juu.

"Au ni baridi imepasua bomba?"

"Mwezi wa sita huku lolote linapasuka. Lakini humu mlilala bila moto?"

"Bila moto? Tungekufa! Niliweka jiko."

Mtu wa Tanga huyu, lakini mambo ya huku alishayajua. Majirani walimfundisha: mkaa ukishakolea, moshi ukiisha, unaliingiza jiko ndani na kuacha mlango wazi kidogo. Jana jioni walimlaza Halfan humo garini mapema, ili leo asibebwebebwe. Mwanaheri alimshika miguu akaikuta ya baridi kama ya maiti. Huruma ikamjaa. Akasogeza jiko miguuni pake, akalitoa mume alipopitiwa na usingizi.

Amon alibandua ubao wa ukutani kando ya kitanda, upande wa miguuni. Bomba la plastiki lilikuwa limelegea, limejikunja, lina tundu, na maji yanachirizika.

"Hili halikupasuka. Limeyeyuka. Jiko lilikaa hapa?"

"Hapo hapo."

"Basi tumempata mchawi. Nakata kipande, naunga kipya, adhuhuri mko barabarani."

"Alhamdulillahi!" Halfan alicheka, mara ya kwanza wiki ile, akamgeukia mkewe. "Mama Esha, piga simu. Waambie nakuja."

Mwanaheri alipiga. Simu ikaanza kuita. Huku ikiita, macho yake yalirudi kwenye lile bomba. Lilikuwa nyuma ya ubao. Miguu ya mumewe ililala mbele ya ubao, karibu zaidi na jiko. Na ile harufu aliyoisikia usiku, akadhani ni zulia linaungua?

Aliinua blanketi. Soksi ya sufu ya mguu wa kulia ilikuwa imeganda, nyeusi, imeshikana na nyama. Alijaribu kuivuta kidogo na ngozi ikaja nayo. Halfan hakushtuka wala kukunja uso. Alikuwa bado anatabasamu.

"Yesu wangu," Amon alisema, akaweka spana chini. "Mama, huyu ni wa hospitali. Sasa hivi. Tanga haendi."

"Nini? Mnaangalia nini huko?" Halfan aliuliza.

Mwanaheri alitamani ardhi immeze kwa sababu ya mkono wake mwenyewe uliosogeza lile jiko. Simu ilipokewa.

"Wifi! Mmeshatoka? Mama kafumbua macho, anauliza mwanawe yuko wapi."

"Wifi," Mwanaheri alisema, "mwambieni mama asitungoje."