Inchi Sita za Mansour

Hayat aliingia gereji ya Gurdial, huko Hounslow, London, akiwa amekwisha kasirika tangu kwenye basi. Asubuhi kaka yake Mansour alimtumia picha ya pikapu lililonyanyuliwa juu kama kitanda cha bibi harusi, na chini yake kaandika: "La mama litakuwa hivi." La mama! Mama gani wa kupanda dudu lile? Mama yao, Bi Mwanamwema, ana magoti yaliyomshinda na kidonda cha sukari mguuni, na kila wiki lazima afikishwe hospitali kikasafishwe. Daktari alishasema, asipofikishwa mguu utakatwa. Ndiyo maana pikapu likanunuliwa lipelekwe Pemba kwa meli. Halikununuliwa likapigwe picha.

Mansour alikuwa kasimama kando ya gari lake, anazungusha funguo kidoleni. Gari kalinunua yeye. Na hata asingelinunua, yeye ndiye kifungua mimba, na kwao neno la mwisho ni la kifungua mimba wa kiume, hata akiwa anasema upuuzi. Mansour alilijua hilo vizuri mno.

"Sikizeni nyote wawili," alisema Gurdial, Singasinga wa Nakuru aliyehamia London na Kiswahili chake chote. "Nikiinua gari inchi mbili, nabadilisha springi na shokapu, basi, gari inakaa vile imezoea. Inchi sita nafungua mbele yote, na gari ikiwa juu hivyo, kwa kona itayumba. Lakini customer akitaka sita, mimi naweka sita."

"Sita," alisema Mansour.

"Mbili," alisema Hayat. "Mama hawezi kupanda."

"Atawekewa ngazi."

"Ngazi! Kwani mama anakwenda darini?"

"Wewe unaijua njia ya kwetu, Hayat? Kile kilima wakati wa masika? Tope mpaka kwenye vioo! Mie nimelisukuma gari la marehemu baba pale mpaka nikapoteza kiatu. Hilo lako la inchi mbili litakwama mpaka kiangazi."

"Na wewe kilima hicho umekiona mara ya mwisho lini?"

Mansour aliziangalia funguo zake. Aliondoka Pemba kijana, zile siku za vurugu za uchaguzi, na hajarudi hata kumzika baba. Mwanzo ilikuwa hofu, na hofu ile ilikuwa ya haki. Baadaye ikawa karatasi za ukaazi. Sasa karatasi anazo, pasipoti imelala kabatini, na kila mwaka ana udhuru mpya.

"Mimi ndiye ninayekwenda," aliendelea Hayat. "Mimi ndiye niliyemshika mama makalio kumpandisha gari la Talib jirani, gari la kawaida tu, halijanyanyuliwa hata unywele. Alilia, Mansour. Mama yako alilia kwa maumivu, watu wanatazama."

"Usinipigie kelele mbele za watu."

"Watu gani? Fundi?"

"Mimi siko hapa," alisema Gurdial, akainamia droo ya spana.

"Wivu tu huo," alisema Mansour. "Wataka kila kitu cha mama kipite mikononi mwako. Akipewa zawadi na mtoto mwengine, hulali."

Hayat alihisi uso unamchoma, zaidi kwa sababu hakuwa na hakika kwamba ni uongo mtupu. Akatoa simu. "Tumuulize mwenyewe."

Mama alionekana kwenye kioo, kakaa barazani, mpwa wao Afra kamshikia simu. Shikamoo zikapita, marahaba zikapita, na Hayat akaeleza mambo yote kwa pumzi moja kabla kaka yake hajayapinda.

"Mama, si wakijua kilima chetu?" Mansour aliingilia. "Lile tope?"

"Tope lipi, mwanangu? Kilima kina lami. Mwaka wa nne huu. Watoto wateremka na baiskeli."

Hayat alicheka, na hakikuwa kicheko kizuri. "Umesikia? Lami! Miaka yote unatutisha na tope lililokwisha futwa."

"Hayat, nyamaza," alisema mama. "Mansour, hilo refu ndilo ulipendalo?"

"Ndilo, mama."

"Basi litiwe hilo refu."

"Mama! Utapandaje?"

"Nitanyanyuliwa. Wanaume wapo."

"Na kidonda?"

"Nimesema nitanyanyuliwa, Hayat. Gari akilipenda, atakuja kuliendesha mwenyewe. Si ndiyo, baba? Si utakuja nalo?"

Gurdial aliacha kupekua droo. Hayat akamtazama kaka yake, na ghafla hakutaka tena kumshinda. Alitaka aseme ndiyo tu, mpumbavu huyu, na gari lipae mpaka mawinguni.

"Inshallah, mama," alisema Mansour. "Lakini mwaka huu kazini mambo yamebana. Labda mwakani. Tutaona."

"Mwambie unakwenda," Hayat alimnong'oneza, meno kayauma.

"Siwezi kumdanganya mama yangu," alisema Mansour kwa sauti, kifua mbele, na Hayat hakuwahi kumchukia mtu kama alivyomchukia yeye pale.

Huko barazani mama alivuta mtandio wake, akauweka sawa begani, akautoa, akauweka tena.

"Huyo fundi yupo?"

"Niko, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Nitilie hilo la chini, baba. Mie magoti yaniuma."

Gurdial alichukua chaki, akaandika mbili kwenye kioo cha mbele. Mansour akasema haya, kama mnavyotaka. Hayat aliendelea kumtazama mama kwenye simu, kwa sababu lau angegeuka kumtazama kaka yake angempiga.